Jina Jipya la Seva

Kila siku ya likizo, Kiherehere alifuatana na shangazi yake kazini. Shangazi alikuwa fundi wa kompyuta katika hospitali ndogo. Chumba chake kilikuwa na feni moja, meza mbili na kabati la chuma lililotunza seva, yaani kompyuta iliyotuma na kupokea barua pepe zote za hospitali. Kazi ya Kiherehere ilikuwa kufuta vumbi na kubandika karatasi ya jina kwenye kila mashine. Jina lake mwenyewe, la utani, alipewa nyumbani, na hakulipata bure.

Jumatatu moja asubuhi, daktari wa macho aliingia bila kubisha.

"Fundi, barua yangu imerudi mara tatu! Hospitali kubwa wanataka picha za jicho la mtoto ninayemtibu kabla ya saa sita. Wasipozipata, nafasi yake ya upasuaji anapewa mwingine."

"Si uzitume kwa simu yako?" Kiherehere alidakia.

"Hawapokei, binti. Lazima zitoke kwenye anwani ya hospitali."

Shangazi hakuwa mtu wa papara. Alikagua nyaya, akakuta ziko sawa. Alijaribu intaneti, ikafunguka vizuri. Kisha akafungua barua iliyorudi na kuisoma polepole.

"Ajabu," alisema. "Wanasema hawaijui seva yetu. Ijumaa si walikuwa wanaijua?"

Hapo Kiherehere akakumbuka. Jumamosi, shangazi alipotoka kunywa chai, yeye alikaa kwenye kiti chake. Aliona jina la seva linachosha, akaandika jingine. Hakuna kilichoharibika siku ile, naye akasahau.

Hakuna aliyemwona. Akisema, huenda asikanyage tena chumba hiki, na hakuna mahali alipopapenda kama hapa. Alichungulia dirishani. Mama wa yule mtoto alikuwa ameketi kwenye benchi, mfuko wa nguo za safari miguuni, mtoto amemlalia begani. Saa ilikuwa nne na nusu. Shangazi alikuwa ameanza kufungua kabati kwa bisibisi.

"Shangazi, usifungue," alisema. "Ni mimi. Jumamosi nilibadilisha jina la seva. Nikaiita Malkia."

Shangazi aligeuka. "Malkia?"

"Ndiyo."

"Malkia wa wapi?"

Daktari alikohoa ili asicheke. Shangazi aliweka bisibisi chini.

"Sasa naelewa. Seva hushika jina jipya ikizimwa na kuwashwa, na jana umeme ulikatika. Sikiliza, mwanangu. Seva ikipeleka barua hupiga hodi na kujitaja. Wenzake hutazama kwenye orodha ya majina wanayoyafahamu. Leo imejitaja Malkia, nao wakaifungia mlango."

Alirudisha jina la zamani, akaizima seva na kuiwasha. Daktari alituma barua kwa mara ya nne. Wote watatu walikodolea macho kioo cha kompyuta. Saa tano kasoro dakika tano, jibu likaingia: picha zimepokelewa, mtoto aje kesho. Daktari alitoka mbio kuelekea kwenye benchi.

Kiherehere alianza kulia. "Utanifukuza?"

"Kukosea hakunishangazi. Mimi mwenyewe niliwahi kufuta barua za mwezi mzima," shangazi alisema. "Lakini uligusa bila kuuliza, na pale uliponyamaza, mimi nilikuwa natafuta gizani huku mtoto wa watu akisubiri. Umesema kweli kabla muda haujaisha, na ndiyo maana yule mama anacheka sasa hivi. Wiki nzima hutagusa kibodi. Na kuanzia leo, chochote kinachobadilishwa humu kinaandikwa, nikibadilisha mimi au wewe."

Akatoa daftari jipya na kuliweka mezani. Kiherehere alifuta machozi, akachukua kalamu na kuandika mstari wa kwanza: "Jumamosi. Nilibadilisha jina la seva bila kuuliza. Ni mimi."