Chuma cha Vitumbua

Asubuhi mtaani kwao Temeke ilianza na kengele za baiskeli. Jua halijapanda, wafanyakazi wa bandarini walikuwa wanapita kuelekea mjini, na karibu wote walisimama mahali pamoja: barazani kwa Bi Mwanakombo, mjane aliyeishi kwa kupika na kuuza vitumbua. Avelina alizijua kengele zile moja moja, maana yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwao kuamka na wa kwanza kutoka nje.

Avelina alikuwa na miaka kumi na miwili, na miguu yake haikujua kutulia. Ukimtuma maji bombani, atarudi mbio na ndoo nusu. Ukimwambia afagie uwanja, atafagia katikati, pembeni atauachia upepo. Kitu kimoja tu alikifanya bila kuchoka, nacho ni kuruka kamba. Kamba yake ya katani, aliyopewa na baba yake, alilala nayo chini ya mto.

Mdogo wake Adelard alipobatizwa, mama yao Kokushubila alitaka kuwapikia wageni vitumbua. Watu hawa asili yao ni Bukoba, lakini walikuwa wamekaa pwani miaka mingi, na mapishi ya majirani walishayapenda. Bi Mwanakombo, aliyekuwa anajiandaa kwenda Kisarawe kumtazama binti yake aliyejifungua, akamwazima chuma chake cha vitumbua. Kilikuwa chuma kizito cha kusubu, cheusi tii, chenye vishimo vya duara vilivyong'aa kwa mafuta ya miaka.

"Hiki ni cha marehemu mama yangu," alisema. "Shariti langu moja tu, Mama Avelina. Kisilale na maji. Mkimaliza, kipanguseni kingali na moto, mkipake mafuta kidogo, basi."

Sherehe ikapita, wageni wakashiba. Mama akampa Avelina chuma na kumrudilia maneno yale yale. Avelina akaitikia, lakini sikio lake lilikuwa nje, wenzake walikokuwa wanahesabu miruko. Vishimoni mlikuwa na mabaki yaliyogandia. Kuyapangusa yote! Akaona kazi ndefu ya nini, maji si yapo? Akakitumbukiza chuma katika beseni la maji ya kisima, yale yenye chumvi, akalisukuma nyuma ya banda la kuku, akachukua kamba yake, huyo!

Jioni mama akauliza, "Chuma umekiweka?"

"Nimekiweka, mama."

Na kweli alikuwa amekiweka. Akalala usingizi wake, na kesho yake hakukikumbuka, wala keshokutwa yake.

Wiki ikakatika. Asubuhi moja, shule zikiwa zimefungwa, mama alimfunga Adelard mgongoni kwenda naye zahanati.

"Bi Mwanakombo amerudi jana," alisema. "Kesho alfajiri anaanza tena biashara, anahitaji chuma chake. Unga wa mchele nimeshauchanganya na tui, umeumuka. Upike vitumbua, umrudishie chuma pamoja navyo. Chombo cha watu hakirudi kitupu."

Hapo ndipo Avelina alipolikumbuka lile beseni. Mama alipopotea tu kwenye kona, alikimbilia nyuma ya banda. Maji ya beseni yalikuwa yamegeuka rangi, na chuma kilikuwa chekundu kama tofali. Alikisugua kwa kiganja, kutu ikabaki mkononi.

"Yarabi, nimekwisha!" alisema, kwa lugha ya Bi Mwanakombo mwenyewe.

Akawasha moto haraka haraka, akatia mafuta, akamimina unga. Wapi! Kitumbua cha kwanza kiling'ang'ania chini, akakikwangua kikatoka vipande, tena vyenye rangi ya kutu. Cha pili vivyo hivyo. Aliendelea kukwangua na kumimina, mpaka unga wote wa mama ukaishia kwa kuku.

Alizunguka uani akishika kichwa. Akamkumbuka Mwajabu, mwenzake wa darasani. Shangazi yake Mwajabu naye alipika vitumbua kila siku, ingawa yeye alitumia vikaango vidogo vya udongo. Akaenda mbio.

"Nipe vitumbua vya kujaa sahani, mie nikupe kamba yangu," alisema akihema.

Mwajabu alimtazama. "Kamba yako? Wewe Avelina? Leo jua limechomoza upande gani?"

"Unataka, hutaki?"

Mwajabu alitaka. Avelina akarudi na vitumbua, akavipanga kwenye sahani ya mama, akakwangua masizi chini ya sufuria, akayachanganya na mafuta ya nazi na kukipaka chuma chote. Kikawa cheusi. Ukikitazama kwa mbali ungesema ndicho kile kile.

Bi Mwanakombo alikuwa kibarazani anachagua mchele.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mama hajambo? Na mtoto?"

"Hawajambo. Chuma hiki hapa. Na... na hivi ni vitumbua."

"Ahsanteni! Mama yako ana adabu kuliko wazaliwa wa hapa." Alipokea sahani kwa furaha. Akachukua kitumbua, na badala ya kukitia mdomoni akakitia katika kishimo kimoja cha chuma, kama mtu anayemrudisha mtoto kitandani. Kikapwaya. Akakizungusha kwa kidole, kikazunguka.

"Mbona kitumbua hiki hakikuzaliwa humu?" aliuliza taratibu.

Avelina alijibu haraka. "Mama alichota kidogo kidogo, Bibi. Ndiyo maana vimekuwa vidogo."

Bi Mwanakombo alimtazama usoni, akakitazama kitumbua. "Haya, mwanangu," alisema. "Na mie kesho nipike, maana huko Kisarawe nimemaliza kila nilichokuwa nacho. Wateja wangu wiki nzima wanakula maandazi ya watu. Wakija kesho wakakuta vitumbua vyangu vibovu, hawatarudi tena."

Ile "haya" ilimfuata Avelina mpaka nyumbani. Laiti angekaripiwa! Mama aliporudi, alimkuta anaingia na kutoka, anakaa na kuinuka.

"Una nini leo? Unahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Sina kitu, mama."

"Na mbona wenzako wanaruka kamba nje, wewe umo ndani?"

Avelina aliisikia kamba yake mwenyewe ikipiga chini, pa! pa! pa!, mikononi mwa Mwajabu. Lakini si kamba iliyomuuma. Alikuwa anaziona baiskeli za kesho zikisimama barazani, Bi Mwanakombo anakwangua vipande vyekundu, na wateja wanaondoka mmoja mmoja. Tena amemsingizia mama yake, ambaye hata hajui. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Akainuka, akatoka mbio.

"Bibi, usipike kesho!" alipiga kelele kabla hata ya kubisha hodi. "Chuma kina kutu! Nilikiloweka nikakisahau, mie, si mama. Vitumbua ni vya kwa Mwajabu, na huo weusi ni masizi!" Kisha akalia kwa kwikwi.

Bi Mwanakombo aliinua kiganja chake. Kilikuwa cheusi kwa masizi. "Mkono huu ulishaniambia tangu ulipotoka. Nilikuwa nakungoja. Nilisema moyoni, ikifika alasiri hajaja, basi sina mjukuu tena nyumba ile."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Lakini msamaha haupiki vitumbua. Chukua makumbi ya nazi yale, na mchanga na jivu. Kaa chini."

Avelina akakaa. Walisugua masizi yote, kisha kutu yote, kishimo kwa kishimo, mpaka chuma kikabaki cha kijivu. Vidole vya Avelina viliwaka moto. Kila aliposema, "Tayari, Bibi?" bibi alipitisha kitambaa cheupe kishimoni na kumwonyesha wekundu uliobaki.

Kitambaa kilipotoka safi, walikiosha chuma na kukikausha juu ya makaa. Avelina akanyakua kibuyu cha mafuta na kumimina tele.

"We! Unakikomaza au unakiogesha?" Bi Mwanakombo aliyapangusa karibu yote, ukabaki mng'ao tu. "Mafuta mengi yatagandana, yatanata. Yanatakiwa kidogo, yaingie, yakauke, kisha uongeze kidogo tena. Ndivyo chuma kinavyokomaa, unga usinate."

"Sasa tufanye nini?"

"Tungoje."

"Tungoje tu?"

"Tungoje tu."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi! Heri kusugua. Avelina alikunja miguu, akaikunjua. Akainuka, akarudishwa kwa jicho. Kila mafuta yalipokauka, walipaka mengine membamba na kungoja tena, na kila mara chuma kilizidi weusi kidogo. Mwisho bibi akatia machicha ya nazi, akamwachia Avelina ayakaange na kuyasugua katika kila kishimo mpaka yakaungua. Uani kote kukanukia nazi.

Jua lilipoanza kushuka, walimimina unga kidogo wa kujaribia. Kitumbua cha kwanza kikanata. Avelina alitaka kulia upya.

"Cha kwanza ni cha chuma," alisema Bi Mwanakombo. "Mimina kingine, na usikiguse mpaka kikuambie."

Avelina alingoja. Kingo zikakauka, zikaanza kujibandua zenyewe. Akakigeuza kwa kijiti. Kikapinduka chote, mviringo, rangi ya dhahabu.

"Bibi! Bibi, kimetoka!" alipiga kelele, na wote wawili wakacheka.

Bi Mwanakombo aliosha sahani ya Mama Avelina na kuipangia vitumbua vya moto. "Sahani ya watu nayo hairudi tupu. Mpelekee mama yako, na umweleze vilikotoka. Vyote, na vile vya kwanza."

Njia ya kwenda kwao ilikuwa fupi, lakini siku hiyo Avelina hakuikimbia. Alimweleza mama yake kila kitu, mpaka lile neno la kuchota kidogo kidogo.

Mama aliiweka sahani chini. "Umenitia aibu mimi kwa mtu aliyetuamini," alisema. "Unga wangu umewapa kuku, na kosa lako umenipa mimi. Kuanzia kesho, mpaka shule zifunguliwe, utaamka na Bi Mwanakombo. Chuma kile utakipangusa wewe kila akimaliza kupika."

"Ndiyo, mama." Na ajabu, kifua chake kilikuwa chepesi kuliko tangu asubuhi.

Alfajiri kengele zikalia. Baiskeli ya kwanza ikasimama, Avelina akaacha kupumua. Mteja aliuma kitumbua, akatafuna, akaagiza kingine. "Bi Mwanakombo, tulidhani umetutupa!" alisema. Wakaja wengine, na jua lilipopanda sinia lilikuwa tupu.

Bi Mwanakombo akamsogezea Avelina chuma chenye moto pamoja na kitambaa.

"Nikuambie neno, mjukuu wangu," alisema. "Kutu haikuniudhi. Kutu humpata kila mwenye chuma, hata mie imenipata. Yaliyoniudhi ni masizi. Mtu akisema, 'nimeharibu,' tutasugua pamoja na tutatengeneza. Akipaka masizi juu, kutu inaendelea kula chini, na sisi tunacheka hatujui. Kosa lako lisugue mapema. Na kazi uliyopewa ukaikimbia, itakungoja nyuma ya banda, nayo itakuwa imekua."

"Nimesikia, Bibi."

Nje Mwajabu na wenzake walikuwa wameshaanza kuhesabu. "Avelina! Avelina, njoo uruke, zamu yako!"

Miguu ya Avelina ikacheza chini ya kiti. "Nakuja!" aliitikia. Lakini hakuinuka. Kilikuwa kimebaki kishimo kimoja, cha pembeni kabisa, na ndani yake mlikuwa na chembe iliyogandia. Alikipangusa mpaka kikang'aa, akakipaka mafuta kidogo, akakiweka chuma mahali pake pakavu. Ndipo akatoka mbio.