Mtoto Aliyenuka Lami

Mtoto wa Febby alizaliwa akinuka lami.

Mkunga alimwosha mara mbili, bibi yake Mable akamwosha mara ya tatu, na harufu ikabaki palepale, ile ya lami ya kuzibia maboti. Mable alicheka, maana mumewe Rabson ndiye fundi maboti wa Nchelenge. Rabson hakucheka.

Siku ya pili mtoto akakataa ziwa. Hapo kila mtu anajua la kufanya: kuna marehemu amekuja na mtoto, anataka jina lake litajwe. Basi wakataja. Wakataja mababu, mashangazi, hadi wafu wa Kilwa, ng'ambo ya maji, ambao hakuna aliyewakumbuka vizuri. Mtoto alilia tu, kila saa kwa sauti ndogo zaidi. Siku ya tatu, mchana kweupe, karakana ya maboti ya Rabson ikiwa imefungwa, nyundo ya mbao ikaanza kugonga humo ndani. Ko. Ko. Ko.

"Tata, nani anatumika kazi kule?" Febby alimnong'oneza baba yake.

"Panya."

"Panya inashika nyundo?"

Wakamwita Nkonde, mganga kutoka Kafutuma, mama mkali asiye na subira. Alinusa utosi wa mtoto, akasikiliza nyundo, kisha akamkazia macho Rabson.

"Huyu haiko mufu wa jamaa. Huyu njo mugeni. Alikula mu sahani yako. Ukinyamaza, mutoto haone jua ya kesho."

Rabson alimjua. Karlo, Mtaliano aliyejenga karakana ile, aliyemfundisha kazi yote, aliyekula ubwali, ugali wao, na samaki pamoja nao miaka tisa bila ugomvi na mtu. Mwaka wa 1940, kwa sababu ya vita, serikali ya Waingereza ikatangaza kwamba Mtaliano ni adui, akamatwe. Karlo akakimbilia kwa Rabson, na Mable mwenyewe akamfunika kwa nyavu. Asubuhi askari wakaenda moja kwa moja kwenye nyavu. Alikufa kwa homa katika kambi ya kusini, na kwa miaka kumi na moja Mable akamlaani jirani yao Davison kwamba ndiye aliyesema, asimpe mkono hata msibani, huku mumewe akisikia yote, akila, akilala, akiamka kwenda kufanya kazi katika karakana ya mtu aliyeuzwa na yeye mwenyewe.

"Karlo," alisema Rabson. "Mimi njo nilibaonyesha askari zile nyavu. Na hiki kidole."

Nyundo ikanyamaza. Mtoto akashika ziwa, akanyonya kwa pupa.

Mable hakushangilia.

"Davison alikufa nikimukatalia mukono," alisema polepole. "Na wewe ulikuwa unaniangalia tu."

Mtoto aliposhiba, Mable alimchukua, akamweka mapajani mwa Rabson, kama ilivyo desturi kwa aliyetaja jina.

"Salimia Karlo. Yeye njo mujukuu yako sasa."

Akafunga nguo zake ndani ya kitenge, akatoka.

Rabson aliinama kusalimia. Mtoto akafumbua macho, akanyoosha mkono, akakipita kidole gumba, akakishika kile cha kuonyeshea cha mkono wa kuume. Rabson alivuta taratibu, kisha kwa nguvu. Mtoto hakuachia.