Supu ya Mifupa Iliyonifanya Niitwe Muuaji

"Umemuua mama yangu!"

Aliyesema hivyo ni mume wangu, jamani. Pasikali wangu mwenyewe! Kanikaba kola ya gauni, na mama yake yuko kwenye mkeka anatapika mpaka nyongo...

Ndugu msomaji, ngoja nikusimulie tangu mwanzo.

Naitwa Reine, mzaliwa wa Munanila, nimeolewa hapa Heru Juu. Dada yangu alinizawadia jiko la umeme, lile lenye chungu ndani, linapika polepole kwa moto mdogo. Unatia vitu, unafunika, unaenda zako kanisani. Mkaa kwaheri!

Mama mkwe alipokuja kutoka Kumsenga nikasema leo atanijua. Mifupa ya magoti ya ng'ombe nikaiacha humo usiku kucha mpaka mchuzi ukawa mzito, unanata mdomoni. Asubuhi nikamimina maharage mekundu niliyoloweka, moto uleule mdogo. Ibadani nilikuwa nawaza supu tu, Mungu anisamehe.

Kwetu mpishi anaonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ale kwa amani. Nikanywa kijiko cha mchuzi, nikampa mama bakuli limejaa. Mimi nikamsubiri mume wangu, alikuwa bado kwenye kwaya na dada yake, Immakulata.

Waliporudi, mama alishaanza kutapika.

"Ulimpa nini?" wifi akapiga kelele.

"Supu! Nimeionja mwenyewe!"

"Ulionja nini?"

"Mchuzi..."

"Na maharage?"

Nikalitazama bakuli la mama.

"Mnaona? Maharage hakugusa! Kamwekea sumu!"

Majirani wakajaa uani. Mmoja alikuwa ameshika mpini wa jembe. Nilimtazama Pasikali anitetee... akaniachia kola, akaenda kusimama upande wa dada yake.

Hapo niliogopa, wapendwa. Niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu.

Sijui nguvu ilitoka wapi. Nikalichukua bakuli la mama, nikala yale maharage yaliyobaki mbele yao wote.

"Reine, acha!" Pasikali akapiga kelele.

"Kama ni sumu, tufe wawili!"

Mpini ukashushwa. Wakampakia mama kwenye bodaboda, Pasikali nyuma anamshikilia, wakaondoka kwenda kituo cha afya. Mimi na wifi tukafuata kwa miguu, hatusemeshani.

Njiani tumbo likaanza kukata. Jasho la baridi. Nikainama, nikatapika kwenye shamba la mihogo la watu.

Yesu wangu... kumbe sumu imo kweli!

Nani kaiweka? Nikakumbuka asubuhi wifi alipita jikoni kwangu kuomba chumvi. Nikamtazama. Damu ikasisimka.

Kituoni nikalazwa kitanda cha pembeni ya mama. Nikamnyooshea wifi kidole.

"Ni yeye! Anataka kutumaliza wote!"

"Mimi?! Nimuue mama aliyenizaa?" Immakulata akaangua kilio.

Daktari akaingia kati. "Hebu tulieni. Mlikula nini?"

"Supu ya mifupa na maharage mekundu."

"Maharage yalitokota?"

"Yalilainika, dokta. Lile jiko huwa halitokoteshi..."

Akashusha pumzi. "Hakuna aliyewekewa kitu. Maharage mekundu yana sumu yake yenyewe. Inaisha yakichemka sana kwenye moto mkali. Huo moto mdogo unaweza hata kuizidisha. Mtapona wote."

Sumu ilitoka shambani kwetu, nikaipika mwenyewe, kwa upendo!

Pasikali akanyoosha mkono anishike.

"Muache," mama mkwe akasema, sauti imekauka, dripu mkononi. "Wewe ulimkaba mke wako. Yeye alikula na mimi." Kisha akanigeukia. "Sogeza kitanda huku, mwana wanje, mwanangu."

Nililia mpaka nesi akaja kuuliza ninaumwa wapi.

Wifi nilimpigia magoti palepale. Nilichofanyiwa uani, nami nilimfanyia yeye kabla hata machozi hayajakauka.

Kwa hiyo dada zangu wenye majiko haya: loweka maharage, mwaga maji, yatokoteshe kweli kweli kwenye moto mkali, ndipo uyatie kwenye mchuzi wako wa mifupa. Na mtu akiugua nyumbani kwako, kimbiza mgonjwa kwanza. Muuaji huenda hata hayupo.

Pasikali ananiomba msamaha kila siku. Bado sijamjibu.