Vikopo Vitano vya Bi Mwanamkuu

Mgeni aliingia koridoni amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kanga, kwa uangalifu wa baba anayetoka kliniki. Najma akaondoa waya kwenye kiti haraka.

"Karibu kaka, mlaze hapa. Anaumwa nini?"

"Haumwi. Ana kiburi," mgeni akajibu, akaifungua kanga. Ndani hakukuwa na mtoto. Kulikuwa na kompyuta ya mezani, imepanguswa hadi inang'aa.

Hillary, muuza makava ya simu wa meza ya jirani, alicheka mpaka akashika ukuta.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, kwenye ghorofa moja la zamani la Mchafukoge, katika korido iliyounganisha maduka ya vitenge na ngazi. Najma alikuwa amemaliza chuo miaka miwili nyuma. Ofisi zilipochelewa kumwita, alikodi futi sita za ukuta huo, akaweka meza ya kuokoteza, akabandika kibao: KOMPYUTA YAKO SI ADUI YAKO. NJOO TUWAPATANISHE. Watu walikicheka kile kibao. Yeye aliamini kila neno lake.

Mgeni alivaa shati la drafti lililopauka. Penseli ilikaa juu ya sikio, na unga wa mbao ulikuwa umemtulia kwenye nyusi kama poda.

"Naitwa Twaha, seremala, Gerezani. Mama yangu anachapa kadi za harusi, mwaka wa kumi na moja huu. Mashine yake ya zamani imekufa, nikamnunulia hii. Akiiwasha anakutana na vipicha arobaini, vidogo kama punje za mchele, vyote majina ya Kizungu. Jana kaniambia, 'Twaha, iuze. Nimeshakuwa mjinga.'" Akaikunja ile kanga. "Mama yangu si mjinga, dada."

"Si mjinga," Najma alisema. "Hii mashine ndiyo haijatambulishwa kwake."

Twaha akamtazama vizuri sasa: gauni la kitenge cha zambarau, mtandio wa njano, bisibisi imechomekwa kwenye mkono wa gauni kama bangili. Akaegemea meza. Meza ikayumba, kikombe cha chai kikamwagika nusu.

"Lo! Hii meza ina malaria?"

"Iache. Tumezoeana."

"Haiwezekani. Kaa kama unavyokaa kazini. Kunja kiwiko." Akatoa futi mfukoni, akapiga goti, akapima kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko chake, taratibu, bila kumgusa. Najma alinusa harufu ya mninga. "Sentimita sitini na sita. Jumamosi, saa kumi alasiri, nakuletea meza ya kimo chako. Miguu minne, yote inafika chini."

"Unaahidi mapema hivyo?"

"Nikisema saa kumi, ni saa kumi."

"Seremala anayetaja saa!" Hillary akadakia. "Najma, mpige picha huyo kabla hajapotea. Kabati la mama yangu fundi alisema kesho. Leo mwaka wa tatu."

* * *

Jioni simu ikaita.

"Fundi, mgonjwa wangu kaamkaje?"

"Jioni hii, kaka, watu hawaamki. Anaendelea vizuri. Ila namtaka mama, siyo mashine. Nataka nimwone anavyofanya kazi."

"Kwa hiyo unakuja kwetu?"

"Nakuja kwa mama."

"Mimi naishi hapo hapo kwa mama," Twaha alisema, na Najma akajikuta anacheka peke yake huku amekumbatia mto.

Jumanne alikwenda Gerezani, Twaha kabeba mashine, yeye kabeba nyaya. Bi Mwanamkuu alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti laini, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunifundisha? Mimi kichwa changu kimeshafunga ofisi. Ngoja kwanza nikupikie chai."

Najma alimfuata jikoni. Akiwa bado anaongea, uso wake kwa mgeni, Bi Mwanamkuu alinyoosha mkono nyuma kwenye rafu na kushika kikopo cha iliki. Kisha cha mdalasini. Hakugeuka hata mara moja.

"Mama! Umejuaje kipi ni kipi?"

"Si vipo pale pale? Iliki cha kwanza kushoto. Mdalasini, karafuu, bizari, halafu pilipili manga mwisho. Hata umeme ukikatika mimi napika. Atakayevihamisha vikopo vyangu, ahame na yeye."

Najma akaviangalia: vitano, kila kimoja na rangi yake. Akatoa simu, akavipiga picha kimoja kimoja, moyo ukimwenda mbio.

Kazi ilichukua siku mbili. Kompyuta, Najma alimweleza mama, ina mstari chini ya kioo ambao mafundi wanauita doki, na mstari huo ni rafu tu kama nyingine. Mwenye nyumba ndiye anayeamua kinachokaa pale, ukubwa wake, sura yake, na nani awe jirani ya nani. Akaondoa vipicha vyote arobaini. Akaweka vitano tu, vikubwa kama sarafu, kila kimoja na picha ya kikopo halisi. Ukibofya iliki, inafunguka programu ya kuchorea kadi. Mdalasini, picha. Karafuu, ujumbe wa wateja. Bizari, majina ya waalikwa.

"Na printa?" Najma aliuliza.

"Pilipili manga," mama akasema papo hapo. "Inaniwasha roho."

Jumatano alasiri Bi Mwanamkuu alifungua kadi, akaweka maua, akapanga herufi za dhahabu, bila kuuliza swali. Alikuwa na kadi mia tatu za kuchapa, zinazochukuliwa Ijumaa. Aliposimama kwenda kuswali, alimbusu Najma kwenye paji la uso.

Najma alipobaki peke yake akaongeza urembo mmoja. Aliuagiza ule mstari ujifiche wenyewe usipotumika, ili kadi ienee kioo kizima na mama aione yote. Alikusudia kumweleza akimaliza kuswali. Lakini Twaha alikuwa amesimama mlangoni, amevaa kanzu safi, unga wa mbao umeoshwa kwenye nyusi.

"Nikusindikize mpaka kituo cha mwendokasi?"

Walipita kituo cha kwanza wakiongea. Walipita na cha pili. Wakafika Mchafukoge kwa miguu. Maelezo aliyokusudia kumpa mama yalibaki Gerezani, hakuna aliyeyakumbuka.

* * *

Alhamisi, saa tatu asubuhi.

"Najma, umefanya nini?" Sauti ya Twaha haikuwa na utani. "Mama kaamka, vikopo hakuna. Hakuna hata kimoja! Kadi za watu ni kesho!"

"Subiri, Twaha, havijapotea—"

"Vimepotea, nimeangalia kwa macho yangu! Mama kakaa chini analia. Anasema kweli kawa mjinga. Nyinyi mafundi wa koridoni ndivyo mlivyo, mnajaribia kwenye vitu vya watu!"

"Twaha, nisikilize—"

Simu ikakatwa. Akapiga. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

Najma alitazama kibao chake ukutani, kile cha kupatanisha watu, machozi yakamlenga. Angeweza kukaa, kiburi anacho. Lakini akilini alimwona Bi Mwanamkuu amekaa chini, analia.

"Hillary, niangalizie meza."

Alitembea haraka mpaka Gerezani, mtandio ukipepea, akapishana na mikokoteni ya mabati na bajaji zilizopakia taili. Alimkuta mama kaipa mashine mgongo.

"Mama, nipe mkono wako." Akauweka juu ya mausi, akauweka wake juu yake, akausukuma taratibu mpaka ukingo wa chini wa kioo.

Iliki ikachomoza. Mdalasini. Karafuu, bizari, pilipili manga.

"Vimerudi!" mama akapiga kelele mpaka karakana ya jirani ikazima msumeno. "Twaha! Vimerudi!"

"Havikuondoka, mama. Kosa ni langu. Nilivificha ili kadi yako ipendeze, nikaondoka bila kukwambia. Vikopo vyako nimevihamisha bila ruhusa. Nisamehe."

Bi Mwanamkuu akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Nimekusamehe. Ila usiniwekee vitu vya aibu aibu. Vikae wazi, nivione."

Najma akavirudisha wazi, moja kwa moja. Alipogeuka, Twaha alikuwa amesimama pale, mikono haina pa kwenda.

"Najma, mimi..."

"Maneno matano, Twaha. 'Shusha mausi chini ya kioo.' Ungenipa nafasi ya maneno matano tu." Akachukua mkoba wake. "Kwaheri, mama."

* * *

Ijumaa mteja akazipata kadi zake. Mama ndiye aliyepiga simu kuleta habari. Twaha hakupiga. Aibu ilimziba mdomo, na Najma naye hakutaka kuanza.

Jumamosi ilikuwa dabi ya Simba na Yanga. Kariakoo yote ilikuwa nyekundu na nyeupe, kijani na njano. Mavuvuzela, tarumbeta, watu wamepaka rangi mpaka masikio. Hillary alivaa nyekundu juu mpaka chini.

"Saa tisa na nusu," alisema. "Funga, dada. Yule ni Yanga wa damu, hukuiona fulana yake ndani ya lile shati? Tiketi kanunua toka mwezi jana, aliniringishia mwenyewe. Seremala, dabi, na mmenuniana. Hapo hata mimi nisingekuja."

"Sijasema namsubiri."

"Mtandio mpya huo umevaa kwa ajili yangu?"

Saa kumi kamili korido ilikuwa tupu, wamebaki yeye na Hillary. Najma akamimina chai, akaiweka pale meza isipoyumba sana, ikamwagika. Akaanza kukunja nyaya. Kweli alikuwa mjinga, aliwaza, kuamini saa ya fundi.

Saa kumi na dakika nane akasikia zomeazomea kutoka barabarani. "Yanga umepotea njia! Uwanja uko kule!" Kisha pumzi nzito kwenye ngazi. Kwanza ikatokea miguu minne ya meza, inaelekea juu. Chini yake alikuwa Twaha, fulana ya kijani na njano imelowa jasho chapachapa.

"Samahani. Dakika nane," alihema. "Wenye mikokoteni wote wamekwenda kwenye mpira. Nimeibeba kichwani."

"Na tiketi yako?"

"Kaenda nayo binamu yangu."

Aliishusha. Mninga, imepigwa msasa mpaka laini kama shavu. Chini ya ukingo kulikuwa na visanduku vidogo vya skrubu, vimepangwa mstari. Najma akavuta cha kwanza, kikatoka bila kelele.

"Havijifichi," Twaha alisema haraka. "Nimeshakoma." Kisha akashusha sauti. "Nilikuita fundi wa koridoni. Nimekata hizi mbao siku mbili, kila nikipiga msumeno nasikia lile neno. Nisamehe, Najma. Sitakuzimia simu tena, hata unitukane."

"Nami sitaficha kitu bila kukwambia." Alihesabu visanduku. "Vitano... hiki cha sita cha nini?"

"Cha kadi. Mama anasema kuna moja anataka kuichora kwa mkono wake. Anasubiri majina mawili tu." Akatazama sakafu. "La bwana harusi analo tayari."

Hillary akajifanya anapanga makava yake upya, masikio yote kwao.

Najma akavuta kile cha sita, akakichungulia, akakirudisha polepole. "Mwambie mama Jumatatu nakuja kumwongezea kikopo kipya kwenye mstari wake. Yeye ndiye atakayechagua picha, na jina la pili nitamwandikia mwenyewe." Akaona bado kasimama kama nguzo. "Kaa basi, mpenzi. Umelowa."

Akamimina chai upya, kikombe hadi ukingoni, akakiweka katikati ya meza. Wakati huo huo Kariakoo nzima ikalipuka: mtu kafunga goli, redio zote zikapayuka, watu wa ghorofa ya juu wakarukaruka mpaka taa ya korido ikacheza. Hillary akatoka mbio kwenda kuuliza nani.

Twaha hakugeuka. Wote wawili walikuwa wameinamia kikombe, wakiangalia. Chai haikutikisika.