Mashine Iliyozimwa Imeshiba

Bomba lilipita majini lote, likatokea upande wa pili bado lina joto. Si joto la moto. Joto la kwapa. Mama Pacha akaliachia, akajifuta kiganja kwenye gauni kama mtu aliyeshikwa mkono na adui.

Mashine yenyewe si ya ajabu. Juu ina pipa, unamimina punje za plastiki. Punje zinashuka kwenye mtungi mrefu wa chuma uliolazwa, umezungushiwa mikanda ya umeme inayouchemsha, na ndani mna parafujo nene kama paja, inasukuma mbele kama ile ya kusagia nyama. Plastiki inakuwa uji, inakamuliwa mdomoni, inatoka bomba, inapita kwenye beseni refu la maji igande, ndipo msumeno ukate. Mwiko wake ni mmoja tu: haizimwi imeshiba. Kabla ya kuzima, unailisha punje safi mpaka iteme uchafu wote. Marehemu mume wa Mama Pacha, aliyeinunua, hata akiwa anatetemeka homa hakuuvunja mwiko huo.

Lakini siku alipoanguka mbele ya mdomo wake akakata roho, nani angekumbuka? Walimbeba, mtu akavuta swichi, mlango ukafungwa. Uji ukabaki ndani gizani, na pumzi ya mwisho ya mwenye mashine juu yake. Msiba mzima ukapita hivyo.

Aliyekuja kufungua ni mdogo wa marehemu. Mtaa ulimwita Mkoba, maana kwapani hakuukosa, na ndani hamkuwa na kitu. Udongo wa kaka yake haujakauka, yeye keshakalia kiti chake.

"Shemeji," Mama Pacha alimwambia, "tuifungue mdomo, tuchomoe parafujo tuisugue. Imelala na kitu tumboni."

"Unataka siku zipite niitwe mshindwa. Nakujua wewe! Kaa huko kwenye maji yako, na mwezi ukiisha beba pacha wako urudi kwenu."

"Kwetu ni hapa. Mashine ya baba yao ndiyo inayowalisha."

"Baba yao yuko chini. Kamshitakie huko."

Akawasha. Ndipo likatoka lile bomba la joto.

Kisha harufu. Plastiki ikiungua inakereketa koo, kila mtu pale aliijua. Hii ilikuwa ya nywele zinazoungua, na jasho. Mkata mabomba akaja na kipande mkononi, midomo imempauka.

"Mama, hebu chungulia ndani."

Ndani mlikuwa na mikwaruzo ya kucha, mirefu, kama kitu kilisukumwa humo kikijishikilia kisitoke. Mama Pacha alipoinua uso amuulize, mkata mabomba alikuwa keshafika barabarani, kiatu kimoja mguuni, kingine kakiacha kama rehani.

Na mchana ule ule, jua liko wima, bomba likiwa limejinyoosha sakafuni bila wa kulikata, sauti ikaja kutoka kwenye tundu lake, taratibu, ya kiume, ya marehemu kabisa na kikohozi chake, ikisema, "Mdogo wangu, mdogo wangu mpenzi, njoo unitoe, huku kunaunguza."

Mama Pacha nywele zilimsimama. Maana mumewe katika uhai wake hakuwahi kumwita huyu 'mdogo wangu mpenzi'. Alimwita bwege.

"Shemeji, usiitike," akanong'ona. "Si yeye huyo."

Mkoba alivuta swichi. Taa zikazimika. Parafujo ikaendelea kuzunguka.

Mganga alipoletwa hakuuliza mengi. Alinusa, akatema mate pembeni. "Mmeacha nyumba ina joto, ina chakula, na pumzi ya mtu mlangoni. Jini gani litapita lisiingie? Litatoka kwa njia ya uchafu. Ilisheni mashine punje safi mpaka iteme. Nalo likiita, mtu asiitike. Anayeitika amelifungulia mlango."

Akaanza kusoma. Mama Pacha akamimina gunia, akamimina lingine, na ule mdomo ukatema uji mweusi, ukatema mafundo ya nywele, ukatema kitu kama ulimi kilichojikunja majini kikazama, na sauti ikalia kama mtoto, ikabembeleza, ikatukana ukoo mzima tangu babu, hata ilipoona bomba linaanza kutoka jeupe ikaacha kelele na kusema polepole, kwa dharau, "Mkoba, kaka yako anahema bado pale chini, wewe mkono wako ulikuwa mfukoni mwake unatafuta funguo."

"Mwongo!" Mkoba akapiga kelele. "Mwongo mkubwa!"

Parafujo ikasimama. Mkoba akafumba mdomo, koo likapanda likashuka kama aliyemeza fupa, na harufu ya nywele ikahamia kwake.

Mganga akamnusa. "Humo naweza kulitoa," akamwambia Mama Pacha. "Ila halijui pengine pa kwenda. Litarudi kwenye mashine, na mashine itabidi tuifukie ardhini. Wewe ndiye mwenye mali. Sema."

"Shemeji," Mkoba akasema, machozi yanamtiririka. "Shemeji yangu, nionee huruma." Na chini ya sauti yake, sauti nyingine ikayarudia maneno yale yale, nyuma kidogo, kama inajifunza.

"Mashine ikifukiwa," Mama Pacha akauliza, "wanangu watakula nini?"

Mganga akaanza kufunga vitu vyake.

"Basi likae lilipo," Mama Pacha akasema.

Mkoba alifungua mdomo alie. Kilichotoka ni kicheko, na hakikuwa chake.