Mwenyekiti wa Albamu

"Picha zako kumi na moja zimeingia kwenye albamu ya familia. Hongera, Sheila!"

Sheila Nyasani aliusoma ujumbe huo mara mbili, ndani ya Subaru Forester, pembeni mwa soko la Keroka, Jumamosi asubuhi. Kisha akafumba macho. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata hofu ilichelewa kufika.

Ilipofika, ilifika yote.

Picha zilimwonyesha Anyona, dereva wa lori, akifungua kreti iliyofichwa chini ya mikungu ya ndizi. Ndani ya kreti, risasi. Anyona ndiye aliyekuwa akimpasha Sheila habari kwa siri. Mwenye lori alikuwa Nehemiah, mjomba wake Sheila, na Nehemiah alikuwa kwenye albamu hiyo kama ukoo wote.

Jana simu ya kazi ilizimika Sheila akiwa mawindoni. Akatumia yake. Akasahau Jamvi.

Jamvi ilikuwa programu aliyoileta binamu yake Linda: picha za familia zinazojipakia zenyewe kutoka kila simu, zamu za kumpeleka nyanya kliniki, siku za kuchuma chai, nani ataleta sufuria za harusi. Kabla yake walijaribu nyingine iliyowakumbusha watu kwa Kijerumani, na nyingine iliyowapongeza marehemu siku zao za kuzaliwa. Kila mara Linda aliapa kuwa sasa amepata yenyewe. Kila mara Sheila alibonyeza "kubali" bila kusoma, jasusi mzima.

Akampigia Bipin, mkuu wake, ambaye duka lake la mabomba mjini Kisii ndilo lililokuwa kituo chao.

"Picha zimevuja."

"Kwa nani?"

"Kwa familia yangu. Yote."

"Futa."

"Siwezi. Ni mwenyekiti tu anayefuta."

"Albamu ina mwenyekiti?"

Ilikuwa naye. Linda hangethubutu kujiweka juu ya wakubwa, kwa hiyo usukani wote alimkabidhi Drusilla, mama yake Sheila.

"Nehemiah ameona?"

"Bado. Leo ni Sabato."

Ukoo mzima ni Waadventista. Simu zilizimwa jana jua lilipotua na zingewashwa leo jua likitua. Saa hiyohiyo ndipo lori lingeondoka, maana Nehemiah alisafirisha risasi siku zote isipokuwa Sabato. Bipin alitaka lori linaswe njiani na mzigo wake, pamoja na wanunuzi waliotoka ng'ambo. Kumtoa Anyona mapema kungemshtua Nehemiah. Kumwacha hadi simu ziwashwe kulikuwa kumzika.

Sheila akawasha gari, akashika barabara ya Nyamira.

Kanisani Ikonge ibada ilikuwa imekwisha na watu walikuwa wakipakua chakula. Nehemiah, mzee wa kanisa, alimsalimu kwa mikono miwili.

"Sabato njema, mwanangu. Umekonda. Hiyo kazi ya bima inakumaliza."

Nyuma yake Anyona alishika sahani ya wali, macho chini. Simu ya Nehemiah ilituna kwenye mfuko wa koti. Bastola ya Glock iliyokuwa kiunoni mwa Sheila haikuwa na kazi yoyote hapo.

Alimvuta mama yake nyuma ya jiko, akamwomba simu. Drusilla akamwambia angoje jua litue kama watu wengine. Sheila akasema kuna mtu atakufa.

Drusilla akaitoa simu mkobani.

"Kama ni uhai wa mtu, nitaiwasha mwenyewe. Kama ni dhambi, iwe yangu."

Picha ya kwanza ikafunguka. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Hili ni lori la Nehemiah."

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe si mtu wa bima."

"Hapana."

"Nilijua. Watu wa bima hawachoki hivi."

Sheila hakuwa na nguvu ya kudanganya tena. Alimweleza yote: zikifutwa, Nehemiah, kaka yake Drusilla, atakamatwa leo. Zikibaki, Anyona hataiona Jumapili.

Drusilla akachungulia uani. Nehemiah alikuwa akiwagawia watoto sharubati. Ndiye aliyekuwa akimbeba Drusilla mgongoni kuvuka mto, alipokuwa msichana mdogo. Sheila alitamani kumpokonya mama yake simu ili amwondolee mzigo huo, lakini mkono haukuinuka.

Mama akaanza kufuta.

Toleo la bure la Jamvi lilifuta picha mojamoja, na kila picha iliuliza: Una uhakika? Kila mara Drusilla alibonyeza ndiyo. Kila mara kidole kilikawia zaidi.

Jua likatua, Sheila akiwa amejibanza kando ya barabara pamoja na askari.

"Lori linakuja," redio ya Motorola ilikoroma. "Prado nyuma yake."

"Zuieni yote mawili."

Hakuna risasi iliyolia. Anyona alishuka mikono juu, mzima. Wageni wawili walitolewa kwenye Prado wakidai wakili. Nehemiah alitoka mwisho, na Biblia yake mkononi. Alimwona Sheila, akaelewa.

"Drusilla anajua?"

"Anajua."

Alinyoosha mikono kufungwa pingu.

Bipin alikuwa hewani akimpongeza wakati simu ilipotetema. Jamvi. Drusilla alikuwa ameweka zamu mpya mbele ya ukoo mzima:

"Kesho asubuhi. Kumpelekea Nehemiah uji, kituo cha polisi. Nani ataenda na mimi?"

Ukoo wote ulikuwa umeisoma. Hakuna aliyejibu.

Sheila alizima redio, akaandika jina lake, akatembea polepole kuelekea kwenye Subaru.