Jengo la Tasnim Lakosa Sahihi ya Nadir

Duka la Waafrika pale Silver Spring, Marekani, lilifurika hadi mlangoni, kama kila Jumamosi, na kwenye barafu alibaki changu mmoja tu. Tasnim akamshika mkia. Mkono mwingine ukamshika kichwa.

"Dada, huyu nimemwona mimi kwanza."

"Kumwona si kumshika, kaka."

Mwanamume akacheka. Alivaa shati la buluu lililopigwa pasi likanyooka, na lafudhi yake ya Mombasa haikujificha. "Wewe Mzanzibari," akasema.

"Umejuaje?"

"Ubishi."

Tasnim akaondoka na samaki, na mwanamume huyo, Nadir, akaondoka na namba yake ya simu.

Kazi ya Nadir ilikuwa kukagua majengo ya biashara na kutia sahihi ripoti ya umeme na gesi ambayo kaunti humtaka kila mwenye jengo aipeleke. Na Tasnim alikuwa nalo jengo la ghorofa mbili aliloachiwa na marehemu baba yake, chini mgahawa na saluni, juu ofisi. Ripoti ikikosa sahihi ni faini, na Tasnim hakuwa tena na baba wa kumkimbilia. Nadir akamwambia asijali, kampuni yao italikagua.

Simu zikawa haziishi.

"Umekula?"

"Nimekula, ila si mkono wako."

"Acha maneno yako, Nadir."

"Maneno hayo hayo ndiyo yanakufanya ucheke peke yako barabarani, mpenzi."

Kweli alikuwa akicheka. Moyo wake ulishakwenda, na hakutaka kuurudisha.

Siku ya ukaguzi Tasnim alipika pilau, akajifukiza udi, akavaa baibui lenye nakshi za dhahabu mikononi. Nadir akaja na mwenzake wa kazi, Edah, akapita moja kwa moja hadi kwenye boila la kupashia maji moto. Lilikuwa kuukuu, likinguruma na kukohoa. Tasnim akamletea Nadir sahani ya pilau kwa mkono wake, wapangaji wote wakiangalia.

"Ahsante, dada. Leo sili."

Dada! Yule aliyekuwa mpenzi jana. Na kumrudishia Mzanzibari sahani yake mbele za watu, jamani, si jambo dogo. Jioni ukaja ujumbe: "Jengo lako nimemwachia Edah. Tusipigiane simu mpaka amalize."

Tasnim akalia mpaka wanja ukamshuka mashavuni. Alijua tu, kijana ameona boila bovu, akamwona na mwenye jengo ni mzigo.

Wiki iliyofuata Edah akaleta ripoti yenye sahihi yake. Jengo limepita, mradi boila libadilishwe. Tasnim akashukuru, kisha akameza kiburi.

"Na yule mwenzako? Amenikimbia?"

Edah akamtazama kwa mshangao. "Hakukwambia? Kwetu ni marufuku kutia sahihi jengo la mtu wa nyumbani kwako. Bosi alimuuliza wewe ni nani wake. Jibu alilotoa, kamuulize mwenyewe."

Tasnim akapiga simu hata kabla mlango haujafungwa.

"Nadir, ulimwambia bosi wako mimi ni nani?"



"Mke wangu mtarajiwa."

"Mbona mimi mwenyewe sina habari?"

"Nilitaka wazee waje kwanza, kwa heshima yako. Nilipoingia mle ndani nikajua siwezi kutia sahihi. Na ningekula, wangesema jengo limepita kwa pilau. Nisamehe, Tasnim. Nilikutia aibu."

"Umeniliza wiki nzima, Nadir."

"Najua. Na mimi sikulala."

Hasira ya Tasnim ilikuwa bado ipo, lakini furaha iliizidi nguvu.

"Mjomba wangu Shamte, aliyesimama mahali pa baba, yuko hapo jirani, Columbia," akasema polepole. "Jumapili hatoki. Walete wazee wako."

"Hiyo ni ndiyo?"

"Ni ndiyo. Ila kamwambie mama yako kwanza. Safari hii bosi awe wa mwisho kujua."